Kisahani cha Saba

Tartu, saa tisa usiku. Mto umeganda,
na mtambo wa joto unakoroma kama mlevi.
Nimeinamia hadubini
kuwatazama walinzi wa kisahani cha saba.

Wametulia. Kila mmoja amenyoosha matawi yake,
membamba kuliko unywele wa kichanga,
anapapasa, anarudisha, anapapasa tena,
kama kipofu anayeijua nyumba yake
na bado anahakikisha mlango upo.
Ubongo ukiwa salama, kazi yao ndiyo hiyo:
kupita nyumba kwa nyumba, kubisha hodi,
kuuliza, Mmeamkaje? na kwenda zao.

Natia tone.
Si ugonjwa. Ni maganda tu ya bakteria waliokufa,
uvumi wa adui, si adui.
Kaupo, mwenzangu wa zamu, huyaita
habari mbaya ndani ya chupa.

Nangoja. Nakunywa chai iliyopoa.
Matawi yanasita.
Kisha yanarudi ndani, moja moja,
kama watu wanaoanua nguo wingu likitanda.
Hakuna mti tena; kuna ngumi.
Wamevimba, wanatambaa,
wanamwaga sumu yao ya vita
katika maji yale yale wanayoishi.

Baba, hivi ndivyo ilivyokuwa ndani yako?

Julai ile ulirudi kutoka msitu wa Võru
na ndoo ya uyoga wa njano, ule tunaouita wa jogoo.
Kikulacho kilikuwa soksini mwako.
Ulimbandua kupe kwa ukucha, ukacheka:
Maskini, naye ana njaa.

Homa ikaja. Ikaondoka kwa adabu,
tukaisindikiza hadi mlangoni.
Siku ya nane ikarudi na ndugu zake.

Daktari Urve alichota maji ya uti wako wa mgongo,
akayainua kwenye mwanga wa dirisha.
Virusi wanapungua, alisema.
Kinachowaka sasa ni walinzi wenyewe.
Nilimchukia kwa jibu lile.
Nilitaka adui mmoja, mwenye sura,
nimtemee mate.

Tangu hapo nimewaona wakila.
Hula mizoga, hula seli iliyokwisha kufa,
na wakipandwa na hasira hula hata zile kamba ndogo
ambazo neva moja humshikia mwenzake mkono.
Sijui ni kamba ipi ilikuwa jina la uyoga.
Sijui ni ipi ilikuwa jina langu,
lile uliloliita Leelo, Leelo, toka kwenye baridi.

Na kisahani hiki, nisisahau kuandika,
kilishaonja tone wiki iliyopita, kikapoa.
Leo nimekipa robo tu,
kimelipuka maradufu ya majirani zake.
Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.
Ndiyo maana mafua ya mtoto wa jirani
yalikulaza siku kumi, ukimuuliza mama
nani huyu amevaa sweta lako.

Siwezi kuwachukia. Nimejaribu.
Bila wao usingeiona siku ya tisa.
Ila nani aliwafundisha kuwasha moto,
asiwafundishe kuuzima?

Saa tatu asubuhi, jua ndiyo kwanza linachungulia.
Pembeni mwa kisahani, mmoja
ametoa tawi. Fupi, kama kidole cha mtu
anayepima kama bado mvua inanyesha.
Naandika: mmoja kati ya mia mbili na kumi. Si kitu.

Simu inatetemeka mfukoni. Ni mama.
Baba yako yuko jikoni, ameshika kikaango,
anataka ile… ile ya njano…
Ile inayowika, amesema.
Nimnunulie nini?

Navua glavu.